Naomba mwongozo: kufuga mjusi wa buluu wa Kimboza kwa mara ya kwanza, nikiwa Leipzig

Mluguru wa Leipzig

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaishi Leipzig, Ujerumani, lakini kwetu ni Morogoro, na kwa muda mrefu nimetamani kufuga mjusi wa buluu wa Kimboza, yule ambaye wataalamu humwita *Lygodactylus williamsi*. Nilishangaa kugundua kwamba mnyama huyu, ambaye porini hapatikani popote duniani isipokuwa katika vipande vichache vya msitu chini ya milima ya Uluguru, Kimboza kikiwa kimojawapo, anazalishwa na kuuzwa na wafugaji wa huku Ulaya, ilhali nyumbani ni wachache mno waliowahi kumwona. Sijawahi kufuga mjusi wa aina yoyote. Wale mijusi kafiri wa ukutani siwahesabu, maana wale hawafugwi, wanajikaribisha wenyewe.

Mpaka sasa nimepata kizimba cha kioo cha mitumba chenye upana na kina cha sentimita 30 na kimo cha sentimita 45, chenye mlango wa mbele na wavu juu. Nimefikiria kukiweka karibu na dirisha la sebuleni ili jua liingie, na kuongeza taa ya kawaida kwa ajili ya joto. Nimezungumza na wauzaji wawili. Wa kwanza ana dume na jike aliowazalisha mwenyewe, na anasema kila mmoja ana hati zake. Wa pili anauza kwa takriban nusu ya bei hiyo, na anadai kwamba hati hazihitajiki kwa kuwa mijusi wake wamezaliwa hapa hapa Ujerumani na hawakutolewa porini.

Naomba kujua kama kizimba hicho kinatosha, kama ni vema nianze na mmoja au wawili, wanakula nini hasa, na kama dirisha linaweza kuchukua nafasi ya zile taa za bei kubwa ninazoziona madukani. Zaidi ya yote, naomba mniambie kwa uwazi kama mnyama huyu anamfaa mtu asiye na uzoefu.

Fundi wa Vizimba, Utrecht

Ndugu Mluguru, karibu. Nitaanza na suala la hati, ingawa umeliweka katikati ya maelezo kama jambo dogo, kwa sababu likikosewa hilo mengine yote hayana maana.

Huyo muuzaji wa pili achana naye. Tangu tarehe 2 Januari 2017 mjusi huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na kiambatisho hicho ndicho cha ulinzi mkali kuliko vyote, na katika Umoja wa Ulaya amewekwa katika Kundi A la kanuni za biashara ya wanyamapori. Maana yake ni kwamba hata mjusi aliyezaliwa katika sebule ya mtu mjini Berlin haruhusiwi kuuzwa mpaka awe na cheti cha mamlaka husika kinachoonyesha kwamba amezalishwa kifugoni kutoka kwa wazazi waliopatikana kihalali. Kuzaliwa Ujerumani hakumwondolei mtu wajibu huo. Ni jambo ambalo cheti chenyewe ndicho kinachothibitisha. Ukimnunua bila cheti, wewe ndiwe utakayeulizwa, na mnyama anaweza kutaifishwa. Ukishampokea utatakiwa pia kutoa taarifa katika ofisi ya hifadhi ya mazingira ya eneo lako, kwa hiyo wapigie kabla ya kulipa chochote, uwasomee kilichoandikwa kwenye hati za muuzaji wa kwanza, na uulize wanataka nini zaidi. Kwa kuwa mwili wake ni mdogo mno kuwekewa kichipu, picha zake zilizo wazi, za mgongoni na za koo, zitakusaidia sana kuthibitisha kwamba mjusi uliye naye ndiye aliyetajwa kwenye karatasi.

Sasa kizimba. Kwa mjusi mmoja, au dume na jike waliozoeana, sentimita 30 kwa 30 kwa 45 ndicho kiwango cha chini kinachokubaliwa na wafugaji wengi, lakini ningekushauri utafute cha 45 kwa 45 kwa 60. Sababu si anasa. Kizimba kidogo hupata joto haraka na kupoa haraka, na mjusi hana pa kukimbilia pale taa inapozidi. Kikubwa humpa nafasi ya kuchagua mwenyewe kati ya sehemu ya moto juu na kivuli chini, na uchaguzi huo ndio unaomfanya mgeni wa kazi hii asimuue mnyama kwa kosa dogo la kipimo. Sehemu ya kuotea joto iwe nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi, sehemu nyingine 24 hadi 28, na usiku iruhusiwe kushuka hadi 20 au 22. Tumia vipimajoto viwili, kimoja juu na kimoja chini, na kidhibiti joto chenye kuzima taa chenyewe.

Kuhusu dirisha, jibu ni hapana, kwa sababu mbili. Kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ya aina B, ile ambayo mjusi huihitaji ili mwili wake utengeneze vitamini D3 na kutumia kalsiamu ya chakula. Jua linaloonekana kwa macho yetu halimsaidii kwa hilo hata likiwa kali namna gani. Pili, kizimba cha kioo kilichopigwa na jua la kiangazi kupitia dirishani kinaweza kuvuka nyuzi 40 kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo nunua taa ya mrija ya miale hiyo, iwekwe juu ya wavu kwa nje, na itimize saa 12 kila siku. Kule Kimboza mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na huna haja ya kufuata majira ya Ulaya. Mrija wa kawaida ubadilishwe takriban kila mwaka hata kama bado unawaka, kwa kuwa miale hupungua muda mrefu kabla ya mwanga kufifia.

Ndani ya kizimba fikiria mkadi, maana huyu ni mjusi wa mkadi. Porini anaishi kwenye *Pandanus rabaiensis*, katika kile kichwa cha majani marefu, ambako maji ya mvua hukusanyika kwenye vikonyo vya majani na wadudu hujificha. Ukipata mche mdogo wa mkadi wa chunguni ni vizuri, lakini una miiba pembezoni mwa majani na hukua kupita kizimba. Sansevieria zinafaa vilevile: majani yake ni magumu, yamesimama wima, yanastahimili ukame na unyevu, na asili yake ni kwetu Afrika. Ongeza mianzi mikavu yenye unene wa kidole gumba, mingine wima na mingine ikiegemea, na mmoja upite sentimita kumi na tano hivi chini ya taa. Panda mimea kwanza, washa taa, kiache kizimba kikae kitupu kwa wiki kadhaa huku ukiandika joto na unyevu wa asubuhi, mchana na usiku. Namba zikitulia, ndipo uende kumchukua mnyama.

Jambo la mwisho kwa leo: kagua mianya. Mjusi mzima ana urefu wa sentimita sita hadi nane pamoja na mkia, na mtoto wake anapita mahali ambapo waya wa taa unapita. Ziba tundu la waya kwa sifongo, na pale vioo vya mlango vinapokutana bandika ukanda mwembamba wa plastiki.

Mkazi wa Matombo

Nimesoma kwa makini, na naomba niseme jambo ambalo huenda halitawafurahisha wote. Mimi ninaishi jirani na msitu huo. Kimboza si msitu mkubwa; ni takriban kilomita nne za mraba, uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, una mawe ya chokaa yaliyochongoka, na mtu anaweza kuuzunguka bila kuchoka sana. Mjusi huyu alielezwa kisayansi na Arthur Loveridge mwaka 1952 na akakaa miaka mingi bila mtu yeyote kumsumbua. Soko la Ulaya lilipompenda, mambo yalibadilika kwa kasi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2012 walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilitoa mijusi isiyopungua 32,000, sawa na asilimia 15 hivi ya wote waliokuwapo wakati huo. Mwaka huo huo wa 2012 mjusi huyu aliwekwa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Na namna walivyokamatwa ndiyo iliyoniuma zaidi. Mjusi anakaa kichwani mwa mkadi, mita kadhaa juu, na majani yana miiba. Njia rahisi kwa kijana aliyeahidiwa fedha kidogo kwa kila mjusi ilikuwa kuuangusha mkadi mzima. Kwa kawaida mkadi mmoja huwa na dume mmoja mkubwa na majike na watoto wake, kwa hiyo aliyeuangusha alichukua familia na kubomoa nyumba kwa panga moja. Ukiongeza moto unaoingia kutoka mashambani, ukataji wa mbao, na ule mti wa kigeni uitwao *Cedrela odorata* uliopandwa zamani na sasa unajisambazia wenyewe ndani ya msitu, utaelewa kwa nini mtu wa huku hafurahii akisikia mijusi wetu wana bei madukani Ulaya.

Sisemi ndugu yetu Mluguru asifuge. Ninasema wazee wa hao wanaouzwa walitoka wapi ni swali la haki, na cheti peke yake hakilijibu lote.

Fundi wa Vizimba, Utrecht

Mzee wangu wa Matombo, umesema kweli na sina la kupinga kuhusu yaliyotokea. Ninachotofautiana nawe ni hitimisho. Mijusi waliopo Ulaya leo hawawezi kurudishwa Kimboza, kwanza kwa sababu ya magonjwa wanayoweza kubeba, na pili kwa sababu hakuna ajuaye ukoo wao. Kilichobaki ni ama wazalishwe vizuri na kwa hati, ili anayemtaka asiwe na sababu ya kununua wa magendo, ama soko liachiwe watu wa aina ya yule muuzaji wa pili. Wanaozaliana kifugoni bila shida ni hao hao ambao bei yao hushuka, na bei ikishuka magendo hayalipi. Ninakubali kwamba hoja hii inategemea wanunuzi kuuliza hati, na wengi hawaulizi.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Naomba kuingia kwa upande wa afya. Nimesikia ushauri wa Fundi na ninaunga mkono karibu wote, isipokuwa suala la idadi. Kwa mtu anayeanza, napendekeza mjusi mmoja, na ikiwezekana dume.

Sababu ya kwanza ni kwamba jinsia ya mijusi hawa huwadanganya hata wauzaji waaminifu. Dume aliyekomaa ni buluu angavu, koo lake lina michirizi mizito myeusi na tumbo ni la rangi ya machungwa; jike ni wa kijani au kahawia inayong'aa, na koo lake lina weusi kidogo tu. Ila dume mchanga, au dume aliyezidiwa nguvu na mwenzake, hubaki na rangi ya kijani inayofanana na ya jike mpaka atenganishwe. Watu wamenunua dume na jike, kumbe wamepewa madume wawili, mmoja akiwa amejificha ndani ya rangi. Asubuhi moja yule wa kijani anageuka buluu na ugomvi unaanza, na katika kizimba cha sentimita 30 aliyeshindwa hana mkadi wa pili wa kuhamia. Njia ya kuhakikisha ni kumtazama kwa chini anapopanda kioo, ukitumia kioo cha kukuzia: dume ana mstari wa vitundu vidogo vilivyopangwa kwa umbo la V mbele kidogo ya tundu la haja, na mzizi wa mkia wake umevimba pande mbili. Ukiwa hapo hapo, tazama pia ncha ya mkia. Utaona kwamba ina vijibati vya kunatia kama vilivyo kwenye vidole, hivyo anapogeuka kwenye jani laini mkia unamshika kama mguu wa tano. Binafsi sichoki kuliangalia hilo.

Sababu ya pili ni mayai. Jike aliye na dume hutaga mayai mawili kila mara, kwa vipindi, na kila yai hunyonya kalsiamu mwilini mwake. Jike mwenye afya huonyesha vifuko vyeupe vya akiba ya kalsiamu pande za shingo. Vikitoweka, na miguu ikianza kutetemeka au taya kulainika, amechelewa kusaidiwa. Mfugaji mzoefu huona dalili hizo mapema, lakini anayeanza huona tu kwamba mjusi amepungua uchangamfu.

Kuhusu chakula, hawa ni walaji wa wadudu wadogo pamoja na utomvu mtamu wa maua na matunda laini. Mpe nzi wa matunda wasioweza kuruka, nyenje wachanga, na fukusi wa maharagwe mara moja moja. Mdudu asizidi upana ulio kati ya macho mawili ya mjusi. Kabla ya kuwatoa, walishe nyenje mboga za majani na karoti kwa siku nzima, kisha watikise kwenye kikombe chenye unga wa kalsiamu mpaka wawe weupe. Unga wenye vitamini nyingine utumike mara moja kwa wiki, usizidishe. Mara moja au mbili kwa wiki weka tone la tunda lililopondwa, kama embe au papai, au ule unga wa matunda unaotengenezwa kwa mijusi, ndani ya kizibo cha chupa kilichobandikwa juu kwenye mwanzi, kwa kuwa hatashuka sakafuni kulitafuta. Liondolewe siku hiyo hiyo kabla halijachacha.

Maji hatayanywa kwenye bakuli. Hulamba matone kwenye majani na kioo, kwa hiyo nyunyizia asubuhi taa zinapowaka na jioni kabla hazijazima. Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa wema: wakisikia msitu wa Uluguru wanadhani kizimba kinapaswa kulowa muda wote. Sivyo. Unyevu upande mpaka asilimia 80 usiku, kisha mchana uachiwe ushuke mpaka 50 au 60 na majani yakauke kabisa. Kizimba kisichokauka huleta ukungu, vidonda vya ngozi na magonjwa ya mapafu, na wavu wa juu usifunikwe wote kwa ajili ya kutunza unyevu.

Mwisho, mjusi akifika, muweke peke yake katika kizimba chepesi chenye karatasi chini, na upeleke kinyesi chake kwa daktari anayejua reptilia ili kipimwe vimelea. Kinyesi cha mjusi huyu ni kidogo mno, kisipelekwe kikiwa kimekauka. Kiweke kwenye kichupa pamoja na tone la maji. Na asishikwe mkononi. Akibanwa hukata mkia, na mkia unaoota tena hauwi kama wa kwanza. Ukitaka kumhamisha, muelekeze aingie mwenyewe kwenye kopo la plastiki angavu.

Kijana wa Tabata

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Dar es Salaam. Kama mtu wa Leipzig anaweza kumfuga, kwa nini mimi niliye saa chache tu kutoka Kimboza nisiende kumchukua mmoja nikamfuga kihalali?

Mkazi wa Matombo

Kwa sababu Kimboza ni msitu wa hifadhi, na kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Yule wa Leipzig hamchukui msituni. Ananunua aliyezaliwa kwenye kizimba. Kama unataka kuwaona, njoo utembee ukiwa na ruhusa ya watu wa misitu, simama mbali na mkadi wakati jua limepanda, na usubiri kimya. Ukileta kelele, yule dume huzunguka upande wa pili wa jani na hutamwona tena.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Mdogo wangu wa Tabata, nyongeza ndogo. Angalia minazi na kuta za nje hapo hapo Dar es Salaam mchana. Yule mjusi mdogo mwenye kichwa cha njano, ambaye utamwona hata Zanzibar, ni wa jenasi ile ile ya *Lygodactylus*. Utaona dume akijibana ubavuni ili aonekane mpana, akitikisa kichwa na kumfukuza mwenzake kwenye shina, yaani tabia zile zile ambazo watu wa Ulaya wanazilipia umeme. Acha miti uani, usipige dawa ya wadudu hovyo, na utakuwa nao mwaka mzima bila kizimba.

Mluguru wa Leipzig

Nawashukuru sana, hasa mzee wa Matombo, kwa kuwa maneno yake yamenifanya nimuulize muuzaji wa kwanza maswali ambayo nisingeyauliza. Amenitumia picha za vyeti vya mijusi wote wawili pamoja na namba za wazazi wao, na ofisi ya hapa imenieleza ni fomu ipi niijaze. Nimekubali kuchukua dume peke yake. Kizimba cha mitumba nitakitumia kwa karantini, na kikubwa nimeshakiagiza.

Nina mashaka mawili yaliyobaki. Kwanza ni baridi: nyumba yangu iko ghorofa ya juu kabisa, wakati wa baridi kipasha joto hukausha hewa mpaka midomo inapasuka, na kiangazi chumba kinafika nyuzi 33 chini ya paa. Pili, kila Desemba huwa nakwenda nyumbani kwa wiki kadhaa. Nani atamlisha? Na kuna mtu aliyenitania kwamba nije naye kumtembeza kwao.

Fundi wa Vizimba, Utrecht

Nianze na la utani ili lisije likaonekana zito baadaye: mjusi wa Kiambatisho cha Kwanza havuki mpaka wa Umoja wa Ulaya bila vibali vya pande zote mbili, kwenda na kurudi, na Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Abaki Leipzig.

Kiangazi ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko baridi. Baridi ni rahisi, kwa kuwa taa huleta joto na usiku wa nyuzi 20 chumbani unamtosha bila kifaa chochote. Lakini chumba chenye nyuzi 33, ukiongeza taa ya kuotea, kinapita nyuzi 38 ndani ya kioo. Hamishia kizimba katika chumba cha upande wa kaskazini kama unacho, kiweke chini badala ya juu ya kabati, na siku za joto kali zima taa ya joto ubaki na ile ya miale tu. Kidhibiti joto kitafanya hivyo hata ukiwa kazini, mradi umekipanga kizime kwenye nyuzi 32. Kwa ukavu wa majira ya baridi, ongeza mimea na tabaka nene la udongo wenye majani makavu badala ya kunyunyizia kila saa. Maji ya bomba huko kwenu huenda yakawa na chokaa nyingi. Yakiacha madoa meupe kwenye kioo, tumia maji yaliyochujwa, la sivyo baada ya miezi michache hutamwona mjusi ndani.

Kuhusu safari, mtafute mtu sasa, si Novemba. Mfundishe kunyunyizia maji na kuhesabu wadudu, basi. Mjusi mzima aliyeshiba hulishwa takriban mara tatu kwa wiki, na mtu asiye na uzoefu hukosea kwa kuzidisha zaidi kuliko kupunguza. Nyenje waliobaki hutembea usiku na kumuuma mjusi aliyelala. Muachie vikopo vidogo vya unga vilivyopimwa tayari, kila kimoja kwa mlo mmoja, ili asikisie.

Na jambo moja ambalo linafaa uanze nalo wiki hii, kabla hata kizimba kikubwa hakijafika: anzisha mwenyewe kopo la nzi wa matunda. Chemsha uji mzito wa shayiri na ndizi mbivu, tia siki kijiko kimoja ili kuzuia ukungu, ukipoa nyunyiza hamira kidogo juu, weka karatasi iliyokunjwa ya kupandia, tia nzi wachache wasioruka wa kuanzia, kisha funika kwa kitambaa na mpira. Kwenye nyuzi 24 utapata kizazi kipya baada ya wiki mbili hivi. Anzisha kopo jipya kila wiki hata kama la zamani bado lina nzi, na uandike tarehe kwenye kila kopo, kwa maana makopo hufa yote kwa mpigo pale usipotarajia, na duka la karibu huwa limefungwa siku hiyo hiyo.

Mluguru wa Leipzig

Nimeelewa. Chumba cha kaskazini ni cha mwanangu, naye ameshakubali kabla sijamaliza kuuliza. Kopo la kwanza la nzi naliandaa leo jioni, ila naomba kuuliza: hamira ya mkate ya dukani inafaa, au kuna ya aina yake?

Fundi wa Vizimba, Utrecht

Ya mkate inafaa. Punje chache tu. Ukizidisha, uji utaumuka mpaka kwenye kitambaa.